Shangazi wa Maabara ya Mizizi na Salamu Zake za Asubuhi

Tarehe thelathini ya mwezi huu Shangazi atatundika koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa mimea kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa msaidizi wa kuosha vyungu na vifaa vya kioo, akasoma huku anafanya kazi, na anaondoka akiwa mtafiti mwandamizi na msimamizi wa maabara ya mizizi. Katika muda huo wakuu wa kituo wamekuja na kuondoka, paa la kitalu nyumba limeng'olewa na upepo likarudishwa, na birika la umeme la chumba cha chai limekufa na kufufuka mara nyingi. Yeye yupo tu.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa lugha ya heshima, kwa ufupi, na bila kumwaibisha mtu. Nimeitikia yote matatu, ila sikuapa. Mimi ni mtafiti wa maabara hiyohiyo. Nimekaa meza ya jirani na Shangazi kwa karibu nusu ya utumishi wake, na nimegombezwa naye kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo lile. Kama kuna mwenye haki ya kumsema leo, ni mimi.

Jina la Shangazi hakuna anayekumbuka lilianzaje. Lilimganda kwa sababu ya tabia. Ukipita mbele yake koti halijafungwa vifungo, atakusimamisha kwenye korido mbele za watu akuseme mpaka uone haya, halafu palepale, kwa sauti ileile ya ukali, atakuuliza kama umekula. Mkuu wa kituo wa sasa, mwenye mvi nyingi kumzidi, naye anamwita Shangazi. Karani mpya wa ofisi ya utumishi aliwahi kuuliza huyu mama ana ndugu wangapi humu kazini, maana kila anayekuja kuomba ruhusa anasema ametumwa na shangazi yake.

Kwa wageni wetu wasiojua tunachofanya nyuma ya ule mlango wenye kibao cha kukataza kuingia, nieleze kidogo. Sisi tunafuga minyoo. Tena tunawafuga kwa mapenzi. Ni minyoo fundo, wadogo kiasi kwamba huwaoni bila hadubini, na makazi yao ni udongoni. Mtoto wa mnyoo huyu akitoka kwenye yai hutafuta ncha ya mzizi, kwetu sisi mzizi wa nyanya, akapenya, akajisogeza taratibu mpaka katikati, kwenye njia kuu za maji na chakula cha mmea. Hapo anachagua seli chache na kuzidunga mate yake. Haziui. Wengi hudhani mdudu wa shamba kazi yake ni kutafuna, lakini huyu ana akili zaidi ya kutafuna. Anaibembeleza seli mpaka inaacha kazi iliyozaliwa nayo na kuwa mpishi wake. Inavimba, inakuwa seli jitu, inavuta sukari ya mmea mzima na kumpelekea yeye. Mzizi unajaa mafundo. Juu, majani yanasinyaa saa za jua, mkulima anaongeza maji, na maji hayasaidii kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, Shangazi alikuwa akianza hivyo kila mhadhara, na sisi wa safu ya mbele tulikuwa tukiitikia.

Sasa swali ambalo amelibeba miaka yote ni hili. Ndani ya kila seli ya mzizi mna jeni zote za mmea, yaani maagizo yote ya namna ya kuwa jani, ua, tunda au mzizi. Seli haisomi maagizo yote kwa pamoja. Husoma yanayohitajika na kuacha mengine yamefungwa. Mnyoo haji na maagizo yake mengi. Anachofanya ni kuulazimisha mmea ufungue kurasa ambazo haukupaswa kufungua, na ufunge zile ambazo zingeuokoa. Kurasa zipi? Zikijulikana, huenda tukapata nyanya isiyomtii. Hilo tu ndilo Shangazi alilotaka kujua kabla ya kustaafu.

Kazi hiyo ina adabu zake, na adabu kubwa kuliko zote ni ya siku ya kuvuna mizizi. Mzizi ukishang'olewa udongoni, mara moja unaanza kulalamika kwamba umeng'olewa. Jeni nyingine zinawaka, nyingine zinazimika, na habari za mnyoo zinachanganyika na habari za kung'olewa. Kwa hiyo mzizi unatakiwa utoke kwenye chungu, uoshwe, uzame kwenye naitrojeni ya maji inayofuka moshi wa baridi, na ugande papo hapo kabla haujapata nafasi ya kubadili maneno. Ndiyo maana siku hiyo Shangazi amepiga marufuku mazungumzo. Hakuna kuulizana hali, hakuna shikamoo, hakuna kupeana mikono. Salamu zitasubiri.

Aliwahi kuingia mgeni mkubwa sana, ametoka mbali, ameongozana na watu wenye kamera, katikati ya uvunaji. Akanyoosha mkono. Mkono ule ulibaki hewani. Shangazi hakugeuza hata shingo, na sisi tukawa tunaangalia sakafu. Mzizi wa mwisho ulipoganda, alivua glavu, akatoka mbio na viatu vyake vya mpira mpaka maegesho ya magari, akamkuta mgeni anapanda gari, akamsalimia kwa mikono miwili na kumuuliza habari za safari, za nyumbani na za watoto. Mgeni alicheka mpaka akashuka tena. Mwaka uliofuata tulipata hadubini mpya, na hadi leo mhasibu anaamini ni kwa sababu ya zile mbio.

Maana nje ya siku za kuvuna, huyu ni mtu wa salamu. Katika kitalu nyumba mimea yetu imegawanyika makundi mawili, na tunayaita kama wodi: wazima na wagonjwa. Wagonjwa ndio waliotiwa minyoo kwenye udongo. Wazima ni wale wa kulinganishia. Ukuta mdogo wa matofali unawatenga. Sheria ni kwamba asubuhi unaanza na wazima, unamalizia na wagonjwa, na ukishafika kwa wagonjwa hurudi tena upande wa pili bila kunawa na kubadili viatu. Shangazi alikuwa akiingia, anapita kati ya wazima polepole huku amenyoosha mkono, kiganja kinapita juu ya majani yao, chungu kwa chungu. "Hamjambo wanangu? Mmeamkaje?" Kwa wagonjwa alikuwa anasimama kwa mbali, mikono mfukoni, na kuwapa pole. Alifanya hivyo kila siku ya kazi, na sisi sote tuliona ni jambo zuri. Mpiga picha wa kituo alimpiga picha akiwa hivyo, ikawekwa kwenye kalenda.

Katika miaka hiyo ndipo alipopata ugunduzi uliompa jina. Kulikuwa na jeni moja ya kinga ambayo kwa wazima ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu, lakini kwa wagonjwa ilikuwa imelala. Kila kundi la mimea tulilolipima lilisema hivyohivyo. Tukaipa jina la utani, Mlinzi. Habari ikawa kwamba mnyoo anaingia kwenye mzizi na kitu cha kwanza anachofanya ni kumlaza Mlinzi. Iliandikwa kwenye jarida kubwa. Askari wetu wa getini alipoisikia alinuna wiki nzima, akataka jina libadilishwe, kwa sababu yeye, alisema, hajawahi kulala zamu. Maabara moja ya mbali iliandika kwamba wao wamejaribu na kwao Mlinzi halali wala haamki. Tukawajibu kwa adabu kwamba pengine aina yao ya nyanya ni tofauti.

Mimi niliajiriwa wakati ugunduzi huo uko kileleni. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, nina binti anayejifunza kutembea, na baba yake alikuwa ameshaamua kwamba mambo ya ulezi hayamfai. Kazi hii ndiyo ilikuwa chumba chetu, maziwa yake na kila kitu. Shangazi alinipokea kwa kunigombeza kuhusu kucha, akanifundisha kutwanga mizizi iliyoganda kwenye kinu kidogo cha kauri mpaka iwe unga, akaniambia nisiguse kitu chochote ambacho sijaagizwa kukigusa. Nikashika.

Kisha mama yake mzazi akaanguka na kuvunjika nyonga. Shangazi akachukua likizo kwenda kumuuguza, na kundi zima la mimea likabaki mikononi mwangu, kuanzia kuoteshwa hadi kuvunwa. Nilimwagilia, nikapima joto, nikavuna kimya kama nilivyofundishwa. Tulipopima, Mlinzi hakuwa macho kwa wazima. Alikuwa amelala kotekote, kwa wazima na kwa wagonjwa, sawasawa. Tofauti iliyompa Shangazi jina ilikuwa imepotea, na aliyeipoteza alikuwa mimi.

Mkuu wa idara wa wakati ule tulikuwa tunamwita Bwana Taratibu, na alikuwa na haki ya kuogopa. Wafadhili wa mradi mkubwa walikuwa wanakuja, na mradi wote ulijengwa juu ya Mlinzi. Aliniita, akaniuliza kama nilichanganya vyungu. Nikasema hapana. Akauliza kama niliingiza minyoo kwa wazima kwa viatu vichafu. Tulikagua mizizi ya wazima, haikuwa na fundo hata moja. Basi akahitimisha kwamba kuna mahali nimevuruga, na kama sijui ni wapi, hilo ni baya zaidi. Barua ya kutonithibitisha kazini ikaanza kuandaliwa. Kila aliyekutana nami kwenye korido alikuwa ananipa pole, na pole zile zilikuwa zinauma kuliko matusi.

Shangazi aliporudi, wote tulijua atakachofanya. Angelitupa kundi langu, aoteshe lingine kwa mikono yake mwenyewe, na mambo yangerudi kama kawaida. Badala yake aliniambia nianze kazi za asubuhi kama vile yeye hayupo. Akageuza ndoo, akaikalia karibu na mlango, akanitazama. Nilisoma kipimajoto, nikamwagilia wazima, nikanawa, nikabadili viatu, nikaenda kwa wagonjwa. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu. "Wewe wazima huwasalimii?"

Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nisiguse kisichohitaji kuguswa. Alibaki juu ya ile ndoo kwa muda mrefu, anauangalia mkono wake.

Jambo lenyewe tulilisoma sote chuoni, na hilo ndilo linalotia aibu. Mmea ukiguswaguswa kila siku hudhani kuna mdudu anautembelea au upepo unaupiga. Hujiweka tayari. Jeni zake za kinga huamka, hata zile za mizizini. Tulilijua, tulilifanyia mtihani, na kila asubuhi tulimwona Shangazi akipitisha kiganja juu ya wazima, kwa wazima tu, tukasema ah, mama huyu anavyoipenda kazi yake.

Aliotesha makundi matatu. Wagonjwa, wazima wasioguswa, na wazima aliowasalimia kwa mkono kama alivyozoea. Alinitaka nipime mimi, bila kujua chungu kipi ni cha kundi gani. Mlinzi alikuwa macho kwa waliosalimiwa peke yao. Mnyoo hakuwa amemlaza Mlinzi. Mlinzi kwa kawaida yake hulala, na kwa miaka yote ile mkono wa Shangazi ndio uliokuwa unamwamsha.

Bwana Taratibu alimwita ofisini. Ukuta wa ofisi ile ulikuwa wa mbao nyembamba na mimi nilikuwa napanga chupa upande wa pili, kwa hiyo sitadanganya kwamba sikusikia. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alimsihi. Alisema wafadhili watafika, kwamba anaweza kuotesha kundi moja kwa namna aliyozoea na matokeo yatarudi, kwamba baada ya mradi kupatikana kutakuwa na muda wa kusahihisha polepole, na kwamba binti huyu bado ni kijana, kazi atapata kwingine. Na kweli matokeo yangerudi. Hilo ndilo lililokuwa linatisha. Asingehitaji kudanganya tarakimu hata moja. Ilikuwa ni kuingia tu asubuhi na kuwasalimia wanawe.

Kwenye kikao cha wafanyakazi wote, Shangazi aliomba nafasi kabla ya ajenda ya kwanza. Alisimama mbele na koti lake, vifungo vyote vimefungwa. "Jamani, nyani haoni kundule," alisema, na watu wakacheka wakidhani ni utani wake wa kawaida. "Miaka yote hii namtafuta mchawi kwenye mizizi, kumbe mchawi ni mimi." Akaeleza habari ya salamu, hatua kwa hatua, ameinua mkono wa kulia juu ili kila mtu auone. Kicheko kilikwisha. Kisha akaninyooshea mkono huohuo na kusema kwamba huyu hakuvuruga kitu, huyu ndiye mtu wa kwanza kuifanya kazi ile sawasawa. Bwana Taratibu aliinamisha kichwa. Ile barua yangu sikuiona tena.

Gharama yake ilikuwa kubwa, na leo mbele ya familia yake ni vizuri itajwe. Aliandikia jarida mwenyewe na kuuondoa ugunduzi wake. Aliwaandikia pia wale wa maabara ya mbali, akawaambia walikuwa sahihi na akawaomba radhi. Mradi mkubwa ulikwenda kwa wengine. Ukuu wa idara, ambao kila mtu alijua ni zamu yake, ulipewa mtu mwingine. Kwenye mikutano ya wataalamu watu walinong'onezana kwamba yule pale ndiye anayezipapasa nyanya. Siku moja niliingia kwenye chumba cha baridi kuchukua sampuli, nikamkuta amekaa juu ya kreti, analia. Aliniambia nifunge mlango, baridi inatoka. Niliufunga, nikakaa kreti la pili. Tulitoka meno yanagongana, akanigombeza kwa kukaa kwenye baridi bila sweta.

Tangu hapo hakuna aliyemwona akigusa mmea wa majaribio bila sababu. Alikuwa anapita kwenye kitalu amefunga mikono nyuma ya mgongo, na wageni walikuwa wanadhani ni maringo ya ukubwa. Salamu za mdomo hakuziacha. Mumewe, fundi wa redio ambaye yupo nasi leo, anasema hamu yote ya mikono ilihamia bustanini nyumbani, ambako hakuna jani la mboga lisiloshikwa, na kwamba yeye binafsi hajasalimiwa kwa upole wa aina ile tangu wafunge ndoa. Kesi hiyo waimalize wenyewe.

Kisha akaanza upya. Ana umri wa kupunguza mwendo, akaanza upya. Safari hii vyungu vilichanganywa, wazima na wagonjwa wakaguswa kwa namna moja au wasiguswe kabisa, na anayepima hakujua anachopima. Kila matokeo ilikuwa lazima yarudiwe na mtu mwingine, kisha na mtu asiyetupenda. Huyo wa mwisho alimpata bila shida, walikuwepo wengi. Jeni nyingi tulizozitegemea zilianguka njiani. Iliyobaki imesimama ni moja, tena haina makuu. Ni jeni ya mlango wa sukari. Mnyoo anaifanya seli jitu ifungue milango hiyo kwa wingi ili sukari imiminike jikoni kwake. Shangazi alipata aina ya nyanya ya zamani, yenye matunda madogo yasiyovutia sokoni, ambayo ni nzito kufungua milango. Mnyoo anaingia, anabembeleza, anasubiri chakula, na chakula kinakuja kiduchu. Mafundo yanakuwa machache na madogo, na mmea unabaki umesimama.

Hilo limepimwa na mimi, limepimwa na wale wa maabara ya mbali tuliowajibu kwa kiburi, limepimwa na watu ambao hatujawahi kuonana nao. Limekubali kotekote. Sasa tunaichanganya nyanya hiyo na zile zinazopendwa na wakulima, kazi itakayochukua misimu mingi bado. Shangazi anaondoka kabla haijafika shambani. Aliongezewa mkataba akaukataa, akasema mama yake bado anatembelea gongo na kuna mtu anayepaswa kushika upande wa pili.

Mwezi uliopita mwajiriwa mpya alileta matokeo ya ajabu. Mizizi ya wagonjwa ilionekana haijaguswa na mnyoo kabisa. Nilikuwa nina haraka, ripoti inasubiriwa, na neno lilikuwa limeshafika ulimini: umevuruga. Shangazi alikuwa mezani kwake anapanga vitu vyake kwenye boksi. Hakuinua macho. Nikalimeza lile neno, nikageuza ndoo, nikaikalia, nikamwambia kijana afanye kazi zake kama vile mimi sipo. Kwa haki ya Mungu, safari hii kweli alikuwa amevuruga, alibadilisha trei mbili, ya wazima ikakaa mahali pa wagonjwa. Lakini tulilijua kwa kuangalia. Alisahihisha, akaendelea na kazi, na kesho yake alikuja kazini bila woga.

Shangazi, maabara ya mizizi na kituo kizima tunakushukuru kwa ulichotufundisha na kwa uliyotusamehe. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi ambao hujawahi kuupata, siku nyingi pamoja na mama na mzee wako, na majirani wanaovumilia kusemwa.

La mwisho ni langu peke yangu. Nimejaribu kukushukuru mara nyingi na kila mara umenikatiza kwa kuniuliza kama nimebandika lebo kwenye sampuli. Leo maneno yameshachapishwa, na mshereheshaji nimemwomba asikupe kipaza sauti mpaka nimalize. Wewe ulikuwa na njia ya kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Hata mimi nisingejua. Ningembeba mwanangu mgongoni, nikatoka kwenye lango lile, na mpaka leo ningekuwa mahali fulani naamini kwamba niliharibu kazi ya maisha ya mtu aliyenipokea vizuri. Hukuniacha niishi na hilo. Asante, Shangazi.